Mwezi Mmoja wa Dalali

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimesimama uani kwa Mama Mwaluko, kule Ilazo, mzani wa kazini uko kwapani, nasubiri kukabidhiwa ufunguo wa nyumba.

Kabla sijaendelea, niseme kwanza ukweli wa mchana, maana bila huo ndoto haieleweki. Mimi ni mkaguzi wa mizani hapa Dodoma. Naingia madukani na buchani, naweka mawe yangu ya kupimia, na mwenye duka ambaye kilo yake imepungua gramu arobaini ananichukia mpaka mwakani. Sijali. Naishi na mama yangu ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Mwezi wa nne Mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alitibiwa, akapandishwa juu kwa machela, na tangu siku hiyo hajakanyaga chini. Ngazi ni arobaini na nane na zimemshinda. Kwa hiyo tangu Mei natafuta nyumba ya chini.

Nyumba zipo. Tatizo ni kwamba kila nyumba ina dalali, na kila dalali anataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake. Mimi si bahili, waulize wanaonifahamu. Nina msimamo tu. Mwenye bucha ananipa nyama, naipima. Dalali ananipa nini? Ananyoosha kidole, anasema nyumba ile pale, halafu nimhesabie kodi ya mwezi mzima. Kidole hakipimiki, na kisichopimika sikilipii.

Wiki iliyopita dalali mmoja anayeitwa Chilongani, mtu mzima wa mashati yaliyopigwa pasi, alinipeleka Ilazo. Vyumba viwili, sebule, jiko, maji ndani, na mlango wake hauna hata kidato kimoja. Mtu anaingia kama anavyotembea barabarani. Moyo ulinidunda. Nikampa Chilongani elfu kumi yake ya kuonyeshwa, nikakunja uso, nikamwambia sijaipenda, choo kimekaa vibaya. Kesho yake nikarudi peke yangu kwa njia ya nyuma, nikagonga kwa mwenye nyumba.

Mama Mwaluko hakunisumbua. "Tumalizane wenyewe, mwanangu," alisema. "Ukikutana na Chilongani mwambie nyumba nimempa shemeji yangu." Tukapatana nihamie Jumamosi. Hiyo ndiyo inaitwa kumzunguka dalali, na mjini hapa wanaofanya hivyo ni wengi kuliko wanaokiri. Ijumaa nililala nimefurahi.

Sasa ndoto.

Mama Mwaluko anatoka ndani na ufunguo juu ya kisahani, kama anayemletea mgeni karanga. Ufunguo unanitazama. Una tundu moja kichwani, na hilo ndilo unalotumia kutazamia.

"Huyu kaletwa na nani?" ufunguo unauliza.

"Kajileta," anajibu Mama Mwaluko.

"Basi hajafika."

"Nimesimama hapa," nasema.

"Nakuona umesimama," unasema ufunguo. "Ila hujafika. Hapa mtu analetwa, ndipo anafika."

Mama Mwaluko ananipa fomu nijaze. Ina swali moja tu: Nani alikuonyesha nyumba hii? Naandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa ripoti: Hakuna. Nilijionea. Natia sahihi, halafu nagonga mhuri wa ofisi ambao sikumbuki kuubeba.

Nyumba inakohoa kwa adabu. "Kama hakuna aliyekuonyesha," inasema, "basi hujaniona."

Inaanza kutoonekana. Haibomoki, hapana, na wala haifanyi fujo. Bati linatangulia, linafuata dirisha la jikoni, halafu ukuta mmoja mmoja kwa zamu. Ule mlango usio na kidato unakuwa wa mwisho. Linabaki tangi la maji tu, limekaa hewani. Linanieleza kwamba lenyewe lililetwa juzi na halikuwemo siku ya kuonyeshwa.

"Mama Mwaluko," nasema, "nyumba inaondoka."

"Ndiyo utaratibu wake, mwanangu. Nenda ofisini kwa madalali ukaeleze. Ni dakika tano kwa miguu."

Dakika tano zimepangwa chini, zinaanzia getini. Nazikanyaga. Ya kwanza ni imara. Ya pili na ya tatu ni za kawaida. Ya nne imelegea, inacheza mtu akiikanyaga. Ya tano ina kona mbili, daraja, kituo cha mafuta na kilima, na ninapofika mwisho wake soli ya kiatu imeachia. Dakika za madalali nazijua, sikushangaa.

Ofisi yenyewe ni ukumbi wetu wa kazini. Mabenchi ni yetu, kalenda ni yetu, hata ule ufa ukutani uliokuwa unasubiri fundi ni wetu. Chilongani amekaa kwenye meza yangu. Shati lake limenyooka.

"Karibu, Afisa," anasema. "Choo kimeshakaa vizuri?"

"Nimekuja kuhusu nyumba," nasema.

"Nyumba ipi?"

"Ile ya Ilazo."

"Nani alikuonyesha?"

Chilongani haonyeshi hasira, na hilo linanikera zaidi. Anavuta jalada lenye jina langu, anapuliza vumbi.

"Afisa, hapa tuna kanuni moja tu. Aliyekuonyesha kwanza ndiye mwenye chake. Ukimlipa, kitu kinabaki kwako. Ukimkana, kitu kinarudi kwake. Sasa nimepitia jalada lako tangu utoto. Hujawahi kumlipa mtu." Anageukia mlango. "Wanaomdai Hezroni, ingieni mmoja mmoja."

Anaingia mama mmoja na ndoo kichwani. Anaitua, anajifunga khanga vizuri, anazungumza kama aliye mbele ya hakimu.

"Mwaka aliomaliza darasa la saba nilimwonyesha zabibu. Alikuwa hajawahi kuziona. Aliuliza kama zinamenywa."

"Ni kweli, Afisa?"

"Zabibu ziko barabarani mji mzima," nasema. "Nilijionea."

"Haya, mama, chukua zako."

Mama anachukua zabibu zake. Nje ya dirisha, kandokando ya barabara yote, wauzaji wamebaki wamekaa nyuma ya ndoo tupu, na hakuna anayelalamika. Najaribu kukumbuka ladha ya zabibu. Inakuja ladha ya ndoo.

Anafuata mbuzi. Ana ndevu nyeupe na amevaa miwani ya kusomea.

"Mimi nilimwonyesha tundu kwenye ua wa shule," anasema mbuzi. "Alipita hapo miaka saba kila akichelewa."

"Yule alikuwa mbuzi mweusi," napinga.

"Nilikuwa kijana," anasema mbuzi.

"Tundu nililiona mwenyewe."

Mbuzi anashusha pumzi, anakunja tundu lake mara mbili, analibana kwapani na kutoka. Sasa nikitazama dirishani naona ua wa shule umezunguka ofisi nzima, hauna pa kupenya, na kengele ya kuchelewa inalia.

Mzani wangu unaninong'oneza kutoka kwapani. "Afisa, angalia maneno yako. Unajipunja mwenyewe."

"Wewe nyamaza."

"Mimi ni mali ya serikali," unasema mzani. "Nilipatikana kwa zabuni, sina dalali. Ushauri wangu ni wa bure."

Siusikilizi. Naona kazi inakwenda vizuri. Wanakuja watu, wanadai, nawakana, wanachukua vyao, na mimi sijatoa hata senti. Kwa hesabu zangu naongoza.

Halafu anaingia mwanamke mrefu, gauni jeupe limetiwa wanga, mikono yake bado inachuruzika maji.

"Naitwa Sista Foibe," anasema. "Mkunga. Mimi nilimwonyesha mama yake."

Chilongani anaweka kalamu chini. "Hebu eleza."

"Alizaliwa saa nne asubuhi, siku ya mnada. Alikuwa analia bila mpango, hajui amlilie nani. Nikampangusa, nikamgeuza, nikamwambia: mama yako huyu hapa. Kabla ya hapo alikuwa hajamwona."

"Ulilipwa?"

"Nilipewa chai na maandazi mawili. Hiyo naihesabu ya kuonyeshwa. Mwezi wangu sijapata mpaka leo."

"Afisa, ni kweli?"

Mdomo wangu umeshazoea. "Nilijio..."

Hapo nikasikia kitu kimekatika. Ofisi, kumbe, iko chini ya jengo letu, na muda wote tangu nimeingia nilikuwa nasikia Mama akikohoa kule juu, kikohozi chake kikavu cha kila siku, bila kukitia maanani. Kikohozi kimekatika katikati. Natazama juu. Dirisha la ghorofa ya tatu liko wazi. Pazia lipo. Kiti chake kipo, na mto wake wenye bonde la mtu aliyeukalia muda mrefu. Bonde linapanda. Linajaa polepole, mto unakuwa mpya kama siku ulipotoka dukani.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa namna ile, hata siku nilipomkuta sakafuni bafuni.

"Alinionyesha!" nasema, na sauti inatoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Ni yeye. Sista Foibe ndiye alinionyesha Mama. Bila yeye nisingemjua."

Juu, Mama anamalizia kukohoa.

"Ahsante," anasema Sista Foibe. "Basi ni mwezi mmoja."

"Kodi ya mwezi mmoja?"

"Mama hapangishwi, Afisa," anasema Chilongani kwa upole, kama anayemfundisha mgeni wa kazi. "Nyumba tunachukua kodi ya mwezi. Mama tunachukua mwezi wa mama."

"Chukueni wangu."

Anafungua jalada, anapitisha kidole. "Ya nyuma huna. Mei, Juni, Julai na Agosti umeitumia yote kutafuta nyumba isiyo na dalali. Imekwisha."

"Basi ya mbele."

"Ya mbele hatupokei. Watu wa ya mbele wametudhulumu sana."

"Sasa nifanyeje?"

Sista Foibe anatazama saa yake ya kifuani. Maji ya mikono yake yanadondoka sakafuni, tone moja moja, na mzani unayahesabu kwa sauti ya chini kwa sababu ndiyo kazi uliyosomea.

Ndipo sauti inatoka dirishani juu. "Chilongani, baba! Ninayo huku. Ngoja nishushe."

Ni Mama. Kwa kuwa hawezi kushuka, mboga hununua kwa kikapu: anakifunga kamba, anakishusha, muuzaji anatia mchicha na kuchukua hela, yeye anavuta. Sasa kikapu kinashuka, kinagonga ukuta wa ghorofa ya pili, kinazunguka, kinatua mezani kwangu mbele ya Chilongani. Ndani kuna miezi minne. Imekunjwa vizuri, Mei chini, Agosti juu, na kila mmoja bado una utepe wake wa dukani.

"Mama," naita, "miezi hii umeitoa wapi?"

"Ni yangu," anajibu kutoka juu. "Sikuitumia. Ningeitumia wapi na mimi nimekaa kitini? Nikaiweka. Nikasema nikishuka chini nitaitumia yote kwa mpigo, niende kanisani, niende sokoni, nikamwone na dada yangu kule Mpwapwa."

Nilitaka kusema neno. Badala yake nikasema nilichozoea kusema. "Lazima ipimwe."

Naweka Mei kwenye mzani.

"Kilo nane na nusu," unasema mzani.

"Haiwezekani. Ni mwezi mtupu, haukutumika."

"Kilo nane na nusu. Kama una mashaka, fungua uangalie, isije ikawa wamechomeka jiwe."

Wafanyabiashara huchomeka mawe, hilo nalijua. Nafungua utepe. Nakunjua Mei juu ya meza, siku baada ya siku. Hakuna jiwe. Kuna kiti, dirisha, na saa kumi na moja jioni kuna hatua za viatu vyangu kwenye ngazi. Kila siku Mama anageuka na mwili mzima, kwa sababu nyonga haimruhusu kugeuza shingo peke yake, anatazama mlango.

"Umepata, mwanangu?"

Na inasikika sauti yangu, safi, sauti ya mtu mwenye msimamo: "Nimepata, Mama, ila ina dalali. Tuvute subira kidogo."

Mara thelathini na moja. Nilipekua mpaka tarehe ya mwisho nikidhani nitakuta siku moja nimesema kingine.

Nafungua Juni. Thelathini. Julai nimeshachoka kurefusha, nasema tu, "Ina dalali." Agosti ndiyo mbaya kuliko yote. Agosti Mama haulizi tena kama nimepata. Ananisikia ngazini, anageuka, anauliza, "Ina dalali?" na mimi naitikia kwa kichwa, napita, nakwenda kunawa.

Nikaikunja yote. Ilinichukua muda, maana miezi ikishakunjuliwa hairudi kwenye mikunjo yake ya kwanza. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa nayo mbele ya mzani wangu mwenyewe, ambao nashukuru haukusema kitu.

"Mimi nachukua Mei," anasema Sista Foibe. "Mvua zimeshakwisha na baridi haijakolea. Unanitosha." Anautia kwenye mfuko wa gauni, anamtazama Mama kule juu, wanapungiana mikono kama watu waliofahamiana katika shida. Akatoka, akaacha sakafu imelowa.

Chilongani hajasogea.

"Na mimi?" anasema.

Nilijua atasema hivyo. "Wewe ndiye ulinionyesha nyumba," nasema. "Nilirudi kwa nyuma nikakuzunguka, na choo hakikuwa na tatizo lolote. Nitakulipa kodi ya mwezi, pesa taslimu."

"Pesa tulikuwa tunapokea mpaka jana, Afisa. Leo ni Jumamosi."

"Kuna miwili ya bure na mmoja wa kujibana," naanza kubembeleza, na sijui hata nilimaanisha nini. "Nipe nafasi mpaka Jumatatu."

"Hezroni!" Mama anaita juu. "Mpe mtu haki yake. Usimcheleweshe mtoto wa mwenzangu, ana watoto wanamsubiri."

Chilongani anainama juu ya kikapu. Anashika Juni, anauacha. Anashika Julai, anaunusa, anasema una ubaridi mwingi. Anauinua Agosti kwenye mwanga.

"Huu hapa," anasema. "Una Nanenane ndani."

Naye alikuwa amechagua vizuri, nilikuwa nimeshaiona siku hiyo nilipokunjua. Tarehe nane Agosti bendi ya maonyesho ya wakulima ilisikika kwa mbali kutoka Nzuguni, na Mama alijikaza akakigeuza kiti, peke yake, kidogo kidogo, mpaka kikaelekea upande wa ngoma. Ilimchukua asubuhi nzima. Katika miezi yote minne ni siku hiyo tu iliyokuwa na kitu cha kwake.

"Chukua mwingine," nasema. "Huo uache."

"Mwenye mali ni mama yako," anasema Chilongani, anatazama juu.

"Chukua, baba," anasema Mama.

Chilongani anaukunja mara mbili, anautia kwenye mfuko wa shati, anafunga kifungo. Palepale nyumba inaanza kuonekana. Mlango usio na kidato unakuja kwanza, halafu kuta, halafu dirisha la jikoni, mwisho bati linashuka na kukaa mahali pake bila mlio. Tangi la maji linakanyaga chini. Ofisi haipo, niko uani Ilazo, na ufunguo uko kiganjani mwangu.

"Sasa umefika," unasema ufunguo.

Sikuufurahia. Natazama juu. Dirisha la ghorofa yetu limekuja nalo, liko pale angani juu ya bati la Mama Mwaluko, na Mama anavuta kamba. Kikapu kinapanda haraka, kwa kuwa ni chepesi.

"Imebaki miwili, Mama," nasema.

"Nimeona."

"Na ulikuwa umeitunza."

"Niliitunza," anasema. Hajakasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Na wewe ulikuwa unatunza mwezi mmoja wako wa kodi, usimwendee dalali. Sasa mmoja wako umepona, mwanangu. Weka vizuri."

Akaingiza kikapu ndani, akafunga dirisha. Mimi nikaamka.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, jua limeshaingia mpaka kitandani. Mama alikuwa anakohoa sebuleni. Nikakaa nikamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha, kabla ya kunawa uso, nikachukua simu nikampigia Chilongani. Nilikuwa nimepanga maneno: nimwambie nilimzunguka, nimwombe radhi, nimpelekee chake kabla sijamwona Mama Mwaluko.

Alipokea kwa kelele. "Afisa! Sikusikii vizuri, hapa kuna fujo!"

Nyuma yake kulikuwa na bendi. Matarumbeta, ngoma kubwa, na mwanamke kwenye kipaza sauti anaomba wananchi wasiegemee uzio wa mabanda, ng'ombe mshindi anapita.

"Uko wapi?" nikauliza.

"Nzuguni, kwenye maonyesho. Nanenane, bwana! Watu wamejaa balaa."

Niliondoa simu sikioni nikatazama tarehe. Tarehe kumi na tatu, mwezi wa tisa. Nikairudisha sikioni. Bendi ilikuwa imebadilisha wimbo.

"Chilongani," nikasema, "nakuletea kodi ya mwezi mmoja. Yote, taslimu, leo hii. Halafu utamrudishia Mama mwezi wake."

Ng'ombe akalia nyuma yake.

"Mimi sina tatizo, Afisa," akasema. "Pesa ndiyo niliyotaka tangu mwanzo. Ila hii siku ya tarehe nane nimeshaimaliza karibu yote."

"Hiyo malizia," nikamwambia. "Ya tisa usiiguse. Nisubiri."

Nikavaa shati la jana, nikachukua bahasha ya akiba kabatini, nikatokea sebuleni. Mama alikuwa kitini, dirishani. Alisikia hatua zangu akageuka na mwili mzima. Akaniangalia, akaiangalia na bahasha.

"Ina dalali?" akauliza.

Nilisimama mlangoni, nimeshaufungua. Kichwa kilitaka kuitikia chenyewe.

"Ina dalali, Mama," nikasema. "Anaitwa Chilongani, ndiye alinionyesha. Naenda kumlipa, halafu nakuja na watu wawili tukushushe."

Mama alitazama ngazi kupitia mlango niliouacha wazi, kisha akaunyoosha mbele ule mguu wake mzima.

"Basi nivalishe viatu kabisa kabla hujaondoka," alisema, "nisije nikakuchelewesha."